RAM iliongezwa, gemu ikaendelea kujitoa: kisa cha kompyuta moja ya Langoni, Amu (Lamu)

Mwenye duka alikuwa ameshanunua RAM kabla hajanipigia simu. Kompyuta yake ya gemu ni mtumba wa ofisini: prosesa ya Core i5-6600, kadi ya picha ya Radeon RX 570 yenye gigabaiti 4, na RAM ya gigabaiti 16. Aliyemshauri alimwambia gemu inajitoa kwa sababu memori inajaa, basi aongeze mpaka 32. Vijiti vikaagizwa Mombasa, vikapanda basi mpaka Mokowe, vikavuka kwa boti hadi Amu, vikafungwa. Gemu ikajitoa vilevile, tena pale pale ilipokuwa ikijitoa zamani.

Hilo la kujitoa pale pale ndilo lililonifanya nisiguse kitu mpaka nimeuliza maswali. Kama RAM ndiyo iliyokuwa ikiisha, basi kuongeza mara mbili kungebadilisha kitu fulani. Mchezaji angekwenda mbali zaidi kabla ya kuanguka, au angeanguka siku moja moja tu. Hapa hakuna kilichosogea. Ukiongeza dawa maradufu na homa isishuke hata nyuzi moja, huna budi kuuliza kama ugonjwa ni huo.

Duka lenyewe ni la kazi mbili. Mchana watu huchapisha barua, hujaza fomu za serikali, hutoa kopi za vitambulisho. Baada ya Alasiri vijana wa mtaa hulipia muda wa gemu. Lina kompyuta mbili, na zote zilikuwa na Windows 10 hadi Microsoft ilipoacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuzihamishia Windows 11 hakukuwezekana bila kutumia njia za pembeni, kwa sababu prosesa zake ni za kizazi cha sita na Windows 11 inataka, kwa kawaida, kizazi cha nane kwenda juu. Mpwa wa mwenye duka, kijana anayesoma na kupenda kuchokonoa, akaziwekea Linux Mint 21, mfumo wa kuendesha kompyuta unaochukua nafasi ya Windows. Printa ikakubali siku hiyo hiyo. Virusi vinavyokuja na flashi za wateja vikakosa pa kushika. Mwenye duka akafurahi sana, mpaka ilipofika zamu ya gemu.

Gemu iliyoleta kesi ni Hogwarts Legacy, iliyotoka mwaka 2023. Imetengenezwa kwa ajili ya Windows na haina toleo la Linux. Kuichezesha kwenye Mint kunapitia Proton, programu ambayo kampuni ya Valve iliitoa mwaka 2018 ndani ya Steam, duka lake la gemu za kompyuta. Proton imejengwa juu ya Wine, kazi iliyoanza mwaka 1993 ya kuitafsiria Linux yale ambayo programu za Windows huyaomba. Upande wa picha, gemu za DirectX 12 (lugha ya Windows ya kuomba picha) kama hii hupitia VKD3D-Proton, na zile za DirectX 9 hadi 11 hupitia DXVK. Zote mbili hugeuza maombi kuwa ya Vulkan, lugha ya picha inayoeleweka na Linux. Nayataja haya kwa sababu kila mtu aliyepita dukani alikuwa na mtuhumiwa wake kati ya haya manne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na hatia.

Dalili zilikuwa hivi. Gemu inafunguka vizuri. Ndani ya kasri mchezaji anazunguka bila shida. Akitoka nje, akaenda kijijini, akarudi, akaingia tena, picha inaganda kidogo kisha dirisha linafungika na unajikuta mbele ya Steam kama vile hukufungua kitu. Mara nyingine kinatokea kisanduku kidogo kinachosema memori imekwisha. Kisanduku hicho ndicho kilichouza vijiti vya RAM.

Memori ipi iliyokwisha?

Programu ikiomba memori ikakataliwa, inachojua ni kwamba imekataliwa. Haijui kwa nini. Inaandika "memori imekwisha" na kufa. Lakini upande wa Linux kuna sababu zaidi ya moja za kukataa, na kila sababu ina ushahidi wake na tiba yake. Mtu asipozitenganisha atanunua, atafuta, ataweka upya mfumo mzima, na kama akipona hatajua nini kilimponya.

Sababu ya kwanza ndiyo ambayo kila mtu anaiwaza: RAM halisi imekwisha pamoja na nafasi ya akiba kwenye diski (swap). Ikifika hapo kerneli, yaani kiini cha mfumo, huchagua programu moja na kuiua ili mfumo usife wote. Ikiua, huandika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kusoma ilichoandika:

`journalctl -k -b | grep -i "out of memory"`

Hakuna kilichotoka. Gemu ilikuwa imejitoa dakika chache tu kabla, kompyuta haijazimwa, na kerneli haina habari ya kuua mtu. Nikamwambia kijana aifungue tena, nami nikaacha `free -h`, amri ya kuonyesha RAM iliyotumika na iliyo huru, ikijirudia kwenye dirisha la pembeni. Ilipojitoa, zaidi ya nusu ya RAM ilikuwa huru na faili la akiba kwenye diski halijaguswa. Kesi ya RAM iliishia hapo. Mwenye duka alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama aliyemuuzia atakubali kurudishiwa. Hilo halikuwa swali la fundi.

Nitie neno kuhusu "tiba" mbili ambazo kijana alikuwa amezijaribu kabla yangu, maana zinazunguka sana. Moja ni kuiamuru kerneli itupe akiba ya faili ilizozishika kwenye RAM, ile ya kuandika 3 ndani ya `drop_caches`. Akiba hiyo kerneli huiachia yenyewe pindi programu ikihitaji nafasi; kuitupa kwa nguvu kunafanya tu diski isomwe upya na gemu iwe nzito. Nyingine ni kuzima kabisa nafasi ya akiba ya diski eti ili gemu itumie RAM tu. Kwenye mashine yenye RAM ndogo, hiyo ni kuondoa kamba ya mwisho ya usalama. Sijaona kesi ya gemu kuanguka iliyotibiwa na moja ya hizi, na sitegemei kuiona.

Sababu ya pili ni ya anwani, na inahusu programu za biti 32. Hiyo nitaifikia kwa sababu ilijitokeza kwenye mashine ya pili. Hogwarts Legacy ni ya biti 64, kwa hiyo hapa haikuhusika.

Sababu ya tatu watu wengi hawaijui: idadi ya vipande.

Daftari lililojaa

Linux haihesabu tu ukubwa wa memori ambayo programu imeshika. Inahesabu pia imeshika vipande vingapi. Kila eneo la anwani lenye ruhusa zake, hili la kusoma tu, hili la kusoma na kuandika, hili la kuendesha msimbo, ni kipande kimoja kwenye orodha ya kerneli. Mfano wake ni daftari la viwanja lenye mistari maalumu. Mji unaweza kuwa na ardhi tele isiyojengwa, lakini mistari ya daftari ikiisha, karani anakurudisha nyumbani: hana pa kukuandika. Haoni ardhi, anaona daftari.

Kikomo cha mistari hiyo kinaitwa `vm.max_map_count`, na kiwango chake cha asili kwenye kerneli ni 65,530. Namba hiyo haikutokana na utafiti wa gemu. Inatokana na muundo wa faili za ELF, ambazo ni faili za programu za Linux, zinazotumika pia kuhifadhi picha ya programu iliyokufa ili wahandisi waichunguze: muundo huo huhesabu sehemu zake kwa biti 16, yaani mwisho 65,535, na waandishi wa kerneli wakapunguza tano kama tahadhari. Kwa programu za kawaida za Linux ni nyingi mno. Maelezo ya kerneli yenyewe yanasema programu nyingi hazifiki hata vipande elfu moja.

Gemu za Windows za siku hizi ni watu wa tabia nyingine. Katika Windows, programu huomba memori kwa hatua mbili: kwanza hujiwekea anwani bila kuzitumia, halafu huomba sehemu za ndani zijazwe memori kweli, ukurasa kwa ukurasa (ukurasa ni kitalu kidogo cha memori) inapozihitaji. Inaweza kuzirudisha, kuziomba tena, kubadilisha ruhusa za huu na kuuacha ule. Injini kubwa za gemu hufanya hivyo mfululizo, kwa sababu ulimwengu wa gemu huingia na kutoka kwenye memori kadiri mchezaji anavyotembea. Wine haina budi kuyaonyesha yote hayo kwenye Linux kama yalivyo. Sasa chukua eneo moja kubwa lenye ruhusa moja. Hicho ni kipande kimoja. Badilisha ruhusa za ukurasa mmoja wa katikati, na tayari ni vipande vitatu: kabla, katikati, na baada. Kerneli huunganisha tena majirani wanaofanana ruhusa, lakini injini ikichanganya changanya vya kutosha, hakuna majirani wanaofanana.

Ndipo nilipoelewa kwa nini kutoka nje ya kasri na kurudi kulikuwa ndiko kunakoua. Kila safari ilikuwa ikikata memori vipande vipya. Na ndipo ilipoeleweka kwa nini RAM haikusogeza kitu: orodha ina urefu ule ule iwe una gigabaiti 16 au 32.

Kuhesabu

Nadharia nzuri haitoshi. Uzuri wa Linux ni kwamba orodha yenyewe iko wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Kila programu inayoendeshwa ina faili la `maps` chini ya `/proc`, na kila mstari wa faili hilo ni kipande kimoja. Ukihesabu mistari umehesabu vipande.

Nikafungua programu ya kuangalia mfumo, nikatafuta ile inayokula memori nyingi zaidi, nikachukua namba yake. Tahadhari moja hapa: Steam na Proton hufungua programu nyingi ndogo kuizunguka gemu, na baadhi zina jina la gemu kwenye amri zao. Ukichukua namba ya mojawapo ya hizo utaona vipande mia kadhaa na kuhitimisha kwamba hakuna tatizo. Chukua ile nzito. Kisha:

`watch -n 2 "wc -l < /proc/NAMBA/maps"`

ambapo NAMBA ni ile uliyoipata. Dirisha la pembeni likaanza kuonyesha hesabu mpya kila sekunde mbili. Kijana akacheza, mimi nikatazama tarakimu. Kwenye ukurasa wa mwanzo zilikuwa chache. Kasri ilipofunguka zikaruka. Alipotembea ndani zilipanda na kushuka kidogo, kama inavyotarajiwa. Alipotoka nje zilipanda bila kushuka. Wateja wawili waliokuwa wakingoja kopi wakasogea nao kutazama, wakaanza kukisia itafika ngapi. Ilipokaribia 65,500 nikamwambia kijana asisimame, aendelee. Picha ikaganda, dirisha likafungika, na amri ya kuhesabu ikalalamika kwamba faili halipo tena.

Kwa ushahidi wa pili nikaiambia Steam iandike logi, yaani faili la kumbukumbu ya yanayotokea. Kwenye sifa za gemu, sehemu ya chaguo za kuanzisha, unaandika:

`PROTON_LOG=1 %command%`

Proton huacha faili kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, jina lake likianza na steam na namba ya gemu. Kwa Hogwarts Legacy ni steam-990080.log. Faili hilo ni refu na limejaa malalamiko yasiyo na maana, na mtu asiyelizoea huchukua lile la kwanza lenye rangi ya hatari na kwenda kulitafutia dawa. Usisome kutoka juu. Nenda mwisho, panda taratibu. Karibu na mwisho wa faili letu maombi ya memori yalikuwa yakikataliwa mfululizo, nayo yalikuwa ya ukubwa mdogo tu, kwenye mashine yenye gigabaiti tele zisizo na kazi. Ombi dogo likikataliwa penye nafasi kubwa, kilichokwisha si nafasi.

Tiba, na umeme wa Amu

Kiwango hiki kinabadilika papo hapo, bila kuzima kompyuta:

`sudo sysctl -w vm.max_map_count=1048576`

Namba hiyo sikuibuni. Ndiyo waliyoichagua watengenezaji wa matoleo mengine ya Linux, yaani Fedora kuanzia toleo la 39, Ubuntu kuanzia 24.04, na Arch Linux mwaka 2024, na sababu kubwa iliyotajwa ni hizi hizi gemu za Windows, Hogwarts Legacy ikiwa mojawapo ya zilizotolewa mfano. SteamOS, mfumo wa Steam Deck (kompyuta ya mkononi ya gemu ya Valve), umekwenda mbali zaidi: 2,147,483,642. Ndiyo sababu mtu mwenye Steam Deck anaweza kukuapia kwamba gemu hiyo hiyo haijawahi kumwangukia, na asiwe anasema uongo. Linux Mint 21 imejengwa juu ya Ubuntu 22.04, iliyotoka kabla ya mabadiliko haya, kwa hiyo imebaki na 65,530.

Je, kuongeza kuna gharama? Ipo, lakini ndogo. Kila kipande kinachotumika kweli huchukua baiti kama mia mbili hivi ndani ya kerneli. Kuongeza kikomo peke yake hakuli kitu. Kinachokula ni programu inayotumia vipande hivyo. Kikomo kipo ili programu iliyoharibika isijaze memori ya kerneli kwa vipande visivyoisha. Kwenye kompyuta ya duka inayochezesha gemu moja kwa wakati, milioni moja ni salama. Sikuona haja ya kwenda kwenye namba ya SteamOS, na simshauri mtu aende huko kwa kuwa tu ni kubwa.

Niliiacha hivyo bila kuiandika kwenye faili, kwa makusudi, ili kwanza tuone kama inatibu. Kijana akacheza. Hesabu ikafika 65,530, ikapita, ikaendelea kupanda, na mchezaji akatoka kasrini, akarudi, akatoka. Walikaa hapo mpaka adhana ya Magharibi ikawatawanya.

Kesho yake mwenye duka akanipigia. "Fundi, dawa imeisha nguvu." Gemu imejitoa tena, pale pale. Nilimuuliza swali moja tu: umeme ulikatika usiku? Ulikatika. Kompyuta ilizimika, ikawaka, na kerneli ikaanza upya na kiwango chake cha asili. Kwa upande wangu hiyo ilikuwa habari nzuri kuliko zote, maana lilikuwa jaribio la kinyume ambalo nilikuwa nimepanga kulifanya mwenyewe: rudisha kiwango cha zamani, uone kama ugonjwa unarudi. Ulirudi. Baada ya hapo hakuna tena ubishi kwamba ilikuwa bahati, au kwamba Steam ilijisasisha.

Ya kudumu huandikwa kwenye faili. Nilimwachia kijana aandike mwenyewe, ndani ya `/etc/sysctl.d/`, faili lenye jina `80-gemu.conf` na mstari mmoja:

`vm.max_map_count = 1048576`

kisha `sudo sysctl --system` ili isomwe bila kuzima. Faili za folda hiyo husomwa kwa mpangilio wa majina, na lile linalosomwa baadaye hushinda. Kwa hiyo kama umeweka namba na bado `sysctl vm.max_map_count` inakuonyesha ya zamani, tafuta faili jingine lenye mstari huo huo kabla ya kumlaumu mtu. Na kwa wale wanaotumia Steam ya Flatpak, njia ya kuweka programu ikiwa imefungwa ndani ya kasha lake: kiwango hiki ni cha kerneli nzima, hakina habari ya programu imefungwa ndani ya nini. Kikiwekwa kwenye mfumo kinafanya kazi kote.

Mashine ya pili

Habari zikaenea mtaani kwamba kuna namba ya kutibu gemu. Kijana akaiweka kwenye kompyuta ya pili, ile isiyo na kadi ya picha ya pembeni, yenye RAM gigabaiti 8, ambako wateja huchezea gemu za zamani. Huko Fallout: New Vegas ilikuwa ikijitoa kila baada ya muda, nayo pia ikilalamikia memori. Namba ikawekwa, mashine ikazimwa na kuwashwa, na hakuna kilichobadilika.

"Mjomba, namba haishiki hapa," kijana akamwambia mwenye duka. Ilikuwa imeshika. Ila ugonjwa ulikuwa mwingine.

Fallout: New Vegas ni ya mwaka 2010 na ni programu ya biti 32. Programu ya biti 32 haiwezi kutaja anwani zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiiweka kwenye kompyuta yenye RAM 128. Tena Windows kwa desturi huipa 2 tu, isipokuwa faili lake lina alama ya kusema linaweza kuhimili zaidi, na gemu hii ilitoka bila alama hiyo. Hesabu ya vipande nilipoiangalia ilikuwa ndogo, haijakaribia hata mpaka wa zamani. Lakini jumla ya anwani iliyoshikwa ilikuwa ukutani.

Palikuwa na mambo mawili yaliyoharakisha. Kwanza, gemu hii haikupitia Steam. Iliwekwa kwa Wine ya kawaida iliyokuja na Mint, na huko ile alama hailazimishwi. Proton huilazimisha yenyewe kwa programu zote za biti 32, kwa hiyo gemu ile ile, bila kuguswa, hupata gigabaiti 4 badala ya 2. Pili, kijana alikuwa ameipamba kwa tekscha nzito (picha zinazofunika vitu vya ndani ya gemu) alizozipakua, na tekscha hizo hazikai kwenye kadi ya picha tu. Gemu za DirectX 9 hutunza nakala zake kwenye memori ya programu, ndani ya zile zile gigabaiti chache, na draiva ya picha nayo hujitwalia sehemu yake humo humo. Watu hudhani kadi kubwa ya picha itaokoa gemu ya biti 32. Haiokoi, maana memori ya kadi ikitaka kusomwa na programu nayo inadai anwani.

Tukaihamishia Proton, tukatoa tekscha nzito tukaacha za wastani. Imetulia. Kwa wanaotaka kubaki na Wine nje ya Steam, kuna njia ya kubandika alama hiyo kwenye faili la gemu lenyewe. Wachezaji wa gemu hii huita kiraka cha gigabaiti 4, na ni kitu cha kawaida hata kwa walio Windows.

Mashine hiyo hiyo, siku moja ikiwa na kivinjari chenye vichupo vingi vya mteja aliyekuwa akijaza fomu, ilionyesha pia ile sababu ya kwanza. Taa ya diski iliwaka mfululizo, kipanya kikawa kizito, kila kitu kikaganda, halafu gemu ikapotea. Safari hii kerneli ilikuwa imeandika, jina la programu na kila kitu. Uhaba wa RAM una sura hiyo: mfumo mzima unateseka kabla ya mtu kufa. Gemu ya vipande hufa peke yake, ghafla, na kazi nyingine zote zilizofunguliwa ndani ya mashine hiyo, kivinjari, printa, muziki, zinaendelea kama hakuna kilichotokea. Tofauti hiyo unaweza kuiona bila kuandika amri hata moja, na mwenye duka angeiona tangu mwanzo kama kuna mtu angemuuliza.

Vijiti vya ziada vikahamishwa kutoka mashine ya kwanza kwenda ya pili, ambako ndiko vilikuwa na kazi. Mashine ya kwanza ikarudi kwenye gigabaiti 16 zake, kiwango ambacho watengenezaji wa Hogwarts Legacy wenyewe wanakitaja kuwa cha chini kabisa, na gemu inakwenda. Ina vikwazo vyake: kadi ya gigabaiti 4 ni ya chini vilevile, kwa hiyo tekscha zimeshushwa na kuna mahali kijijini picha inakokota. Hilo ni la kadi, halina uhusiano na kuanguka.

Kilichobaki ni cha baadaye. Mint 21 itahudumiwa hadi 2027. Kijana akishahamia toleo jipya, lililojengwa juu ya Ubuntu 24.04, aendeshe `sysctl vm.max_map_count` baada ya kuliondoa kwa muda lile faili la `80-gemu.conf` na kuwasha upya. Ikionyesha 1048576 yenyewe, faili halina kazi tena na alifute. Ikionyesha 65530, alirudishe.